Klasi Iliyoitwa KobeTati

Jamani, kuna watu wanaoandika kwenye kompyuta kama wanaokimbizwa na mbwa, halafu kuna Bu Hartati. Bu Tati, yaani Mama Tati, kama ofisi nzima ilivyomwita, aliandika kwa kidole kimoja cha shahada. Kidole kilipaa, kikazunguka juu ya herufi, kikasita, kikatua. Kisha mama wa watu akainua uso, akasogeza miwani puani, akasoma kwa sauti kile alichokiandika, akaridhika nacho, ndipo kidole kikapaa tena.

Wening, msichana wa ofisi hiyo hiyo, aliketi ubavuni mwake akiyatazama hayo yote, na mwezi ulikuwa wa Ramadhani, na koo limemkauka.

Hakujipeleka mwenyewe pale. Bwana mwenye ofisi, Pak Mulyadi, ndiye aliyewakalisha pamoja. Ofisi yao pale mjini Yogya ilitengeneza programu za zahanati, na Bu Tati alikuwa ameziandika tangu enzi za kompyuta zenye matumbo, kwa lugha ambayo vijana wa sasa wanaisikia tu kama wanavyosikia habari za wafalme. Sasa kila kitu kilikuwa kinahamishwa kwenye lugha mpya na kwenye programu mpya ya kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ile ambayo wenyewe pale waliiita karakana.

"Mbak Wening ana kasi," alisema Pak Mulyadi, akimwita dada kama wanavyoitana huko. "Amfundishe Bu Tati karakana."

Na karakana ile, kwa kweli, ilikuwa na raha yake. Huhitaji kuandika kila kitu. Unaandika jina la kitu ambacho bado hakipo, nayo inalipigia mstari mwekundu. Unabonyeza vitufe viwili, nayo inakuuliza kwa adabu zote: nikuundie klasi? Nikuongezee methodi? Nikutengenezee kigeu? Wewe unaitikia tu. Klasi ni ramani ya kitu: mgonjwa, kitanda, dawa. Methodi ni kazi ambazo kitu hicho kinaweza kuzifanya, na vigeu ni mambo kinayoyakumbuka. Na ukianza kuandika jina ambalo tayari limo, herufi mbili tu, karakana inakumalizia lililobaki. Wening alikuwa akiicheza kama mpiga kinanda.

"Bonyeza tu, Bu. Usiandike."

"Ngoja kwanza nisome, nduk, binti yangu."

"Hakuna cha kusoma hapo, Bu. Jina likishatokea, piga kitufe kikubwa."

"Mwanangu, mashine ikinipa kitu, nikakipokea bila kukisoma, hiyo si kazi. Huo ni ulevi."

"Ndiyo, Bu," alijibu Wening akitabasamu. "Lakini jaribu tu. Jina likitokea, piga. Usitazame hata."

Ndivyo walivyoshinda, siku nenda siku rudi. Bu Tati akiuliza jambo, Wening alijibu. Akiuliza tena lile lile, Wening alijibu tena, kwa sauti ile ile laini. Huko kwao kumjibu mkubwa kwa ukali ni utovu wa adabu, na hata kukunja uso ni utovu wa adabu. Msichana alilelewa vizuri, huo ndio ukweli. Lakini hasira haifi kwa kufunikwa. Ilipokosa pa kutokea mdomoni, ilitafuta vidole.

Alikuwa anaandika kipande cha programu kinachosubiri majibu ya mashine ya maabara, ambayo ilikuwa mashine nzito, mbovu, ya kukatisha tamaa. Alihitaji klasi ya kusubiri. Akaandika jina la kwanza lililomjia: KobeTati. Mstari mwekundu ukatokea. Karakana ikamuuliza, nikuundie klasi? Akabonyeza. Ikaundwa.

Basi akanogewa. Akaongeza methodi: tafutaMiwani. Akaongeza nyingine: tuaKwaKidoleKimoja. Akaongeza ulizaTenaKileKile. Mwisho akaweka kigeu, subiraYanguIliyobaki, akakipa thamani ya sifuri. Na klasi ilifanya kazi, tena vizuri sana! Ilisubiri, ikatazama, ikauliza tena, mpaka mashine ya maabara ilipojibu.

Alimwita Tegar, mwenzake wa meza ya nyuma, akamwonyesha. Tegar ndiye aliyekuwa mcheshi wa ofisi. Alisoma, akajiziba mdomo, mabega yakamtikisika.

"Astaghfirullah, Mbak! Utaniharibia saumu."

"Nitabadilisha kabla sijaiweka ghalani."

"Badilisha. Mama akiiona hiyo, utahama mji."

Na kubadilisha kulikuwa kitu cha kawaida pale. Msimbo ukiwa bado kwenye mashine yako, jina ni lako, iite klasi upendavyo. Kuna wakati Tegar aliipa klasi jina la mchumba aliyemwacha, kwa kuwa ilikuwa ikifunga mlango bila kusema kwa nini. Kabla ya kuuweka msimbo kwenye ghala la wote, ambamo kila mmoja huchota, unabonyeza kitufe cha kubadili jina, unaandika jina la heshima, na karakana inalibadilisha kila mahali lilipotajwa. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Wening alisahau. Hakuna jini hapo wala hila ya mtu. Jua lilikuwa linazama, watu wanakimbilia kufuturu, Bu Tati mwenyewe amemletea mkebe wa ndizi za tui na sukari guru kutoka nyumbani, kwa kuwa alijua msichana anaishi peke yake katika chumba cha kupanga. "Kula hizi, nduk. Usifungulie biskuti kama panya." Wening aliupokea mkebe kwa mikono miwili, akashukuru, akausukuma msimbo wake ghalani kama ulivyo, akazima kompyuta, akaenda kula.

Zikapita siku. Bu Tati akabadilika. Alianza kuja mapema, akifanya mazoezi kabla watu hawajafika, na Wening aliona kidole kinapata ujasiri. Aliunda klasi bila kuuliza. Aliongeza methodi, akacheka mwenyewe. "Kumbe inanitumikia! Na mimi nilidhani inanitega." Wening alifurahi naye, na furaha ile haikuwa ya uongo.

Wiki ya mwisho kabla ya Idi walikuja wanafunzi wa shule ya ufundi kwa mafunzo ya vitendo, na Pak Mulyadi akataka mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuongeza klasi na methodi kwenye karakana. Tegar akainua mkono. Wening akainua mkono. Bu Tati naye akainua, polepole, kama anayeomba ruhusa ya kutoka nje.

"Bu Tati?" alisema Pak Mulyadi.

"Nijaribu, Pak. Wakimwona bibi anaweza, hawatakuwa na kisingizio."

Siku yenyewe alikuja na batiki mpya, ile aliyoishonesha kwa ajili ya Idi, na alikuwa amejifukiza uvumba kidogo. Alimshika Wening mkono mlangoni.

"Ukae mbele, nduk. Nikikwama nikuangalie wewe."

Wening akakaa mbele.

Picha ya kompyuta ilimulikwa ukutani, kubwa kama shuka ya kitanda. Wanafunzi walikuwa wamekaa sakafuni wamekunja miguu, Tegar amesimama nyuma, Pak Mulyadi karibu na dirisha. Bu Tati akajikohoza.

"Leo tunaongeza kipimo cha kifua kikuu," alisema. "Mgonjwa anatoa kohozi, kohozi linakwenda maabara. Programu yetu haijui kohozi ni nini. Kwa hiyo tunaifundisha. Tunaunda klasi inayoitwa Kohozi."

Wanafunzi wakachekacheka kwa hilo neno, naye akacheka nao. Wening akatabasamu. Alikuwa anajivunia yule mama, wallahi alikuwa anajivunia.

Sasa, Bu Tati alikuwa na mazoea ya kutazama herufi, wala si kioo. Akainamisha kichwa, akatafuta K, akaibonyeza. Akatafuta O, akaibonyeza. Ukutani karakana ikafungua kijisanduku chake, na ndani yake kulikuwa na jina moja tu, kwa kuwa katika ghala lote la ofisi ile ni klasi moja tu iliyoanza na herufi hizo.

Wening alilisoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitaka kusema, Bu, ngoja! Ulimi ukagoma. Na Bu Tati, kwa utiifu wa mwanafunzi mwema, bila kutazama, kama alivyofundishwa, akapiga kitufe kikubwa.

"Ona," alisema kwa fahari akiwa bado ameinama. "Limekuja lenyewe. Siku hizi siandiki tena kama zamani. Na sasa nikiweka nukta, itanionyesha methodi zote zilizomo."

Akaweka nukta. Orodha ikamwagika ukutani.

Mwanafunzi mmoja aliguna kicheko. Wa pili akamfuata. Kisha walielewa, mmoja baada ya mwingine, wakanyamaza, na ule unyamavu wao ndio uliomfanya Bu Tati ainue kichwa. Akasogeza miwani. Na mazoea ni mazoea: akasoma kwa sauti.

"Kobe... Tati. Tafuta miwani. Tua kwa kidole kimoja. Uliza tena kile..."

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye miwani, akaushusha mapajani. Wening aliomba sakafu ipasuke immeze, na sakafu, kama kawaida yake, haikupasuka.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Pak Mulyadi alikuwa amekuwa mweupe kwa hasira. "Nauliza, nani?"

Macho yana miguu. Moja baada ya jingine yaligeuka nyuma, kwa mcheshi wa ofisi. Tegar akafungua mdomo, akamtazama Wening. Wening akatazama magoti yake.

"Bu, fungua historia yake hapo," alisema Pak Mulyadi. "Bonyeza, itatuonyesha aliyeandika kila mstari."

"Hapana, Pak." Sauti ya Bu Tati ilikuwa ndogo. "Kuna watoto wa watu hapa. Tuna kazi ya kohozi."

Akafuta herufi moja moja, KobeTati likapungua ukutani mpaka likaisha. Halafu akaandika klasi yote kwa mkono, kwa kidole kile kile, kila mabano na kila nukta, na hakuiomba tena karakana msaada wowote. Ilimchukua muda mrefu mno. Hakumtazama Wening hata mara moja, maana hakukwama popote.

Somo lilipokwisha, Wening alikwenda mezani kwake akabonyeza kitufe cha kubadili jina. KobeTati ikawa KisubiriMajibu, kila mahali, mara moja. Ikawa kama haikuwahi kuwepo. Aliitazama kazi ile safi, akajisikia vibaya zaidi.

Tegar alimfuata kwenye ngazi.

"Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Ndiyo haya sasa."

"Nitamwambia, Mas," alimjibu kama anavyojibiwa kaka.

"Lini?"

"Nitamwambia tu."

"Mimi sitakutaja, Mbak. Lakini yule mama leo alinipita mlangoni kama anapita jini. Usinikawize."

Alimkawiza. Kila asubuhi aliondoka chumbani kwake na maneno yamepangwa mdomoni, na kila asubuhi alimkuta Bu Tati kwenye kompyuta anaandika kwa mkono kama zamani, akatahayari, maneno yakarudi tumboni. Lililomuumiza zaidi ni kwamba mama yule hakumwuliza tena kitu. Akikwama, alikaa kimya akijihangaikia mwenyewe.

"Niulize tu, Bu," Wening alimwambia siku moja.

"Aa, nduk. Nimekusumbua vya kutosha. Kumbe watu wanaona."

Alasiri ile ile mkebe wa ndizi ukawekwa tena mezani kwake. Wening alizila zile ndizi alipofuturu, akauosha mkebe.

Idi ikaja, watu wakaenda makwao. Kijijini Wening alipiga magoti mbele ya mama yake kuomba msamaha kama inavyotakiwa, na mama akamwekea mkono kichwani akamwuliza, "Yule Bu Tati anayekulisha, hajambo? Umemwomba radhi na yeye? Huyo ni mzazi wako wa huko." Wening akasema, nitamwomba, Mama, tukikutana.

Wakakutana. Ofisi ilipofunguliwa walifanya mkusanyiko wa kuombana radhi, kama ofisi zote zinavyofanya baada ya Idi. Mezani kulikuwa na kuku wa tui na wali uliofungwa kwa majani ya mnazi. Wakubwa wakasimama kwa mstari, wadogo wakapita mbele yao mmoja mmoja, viganja viwili kwa viwili, kichwa chini, kila mmoja akisema maneno yale yale: nisamehe, la nje na la ndani, yaani lililoonekana na lililofichika. Hakuna anayetaja kosa. Unaomba kwa jumla, unasamehewa kwa jumla, mnakwenda kula. Wening alikuwa ameitegemea desturi hiyo safari nzima ndani ya basi. Angesema la nje na la ndani, na lile lake lingekuwa limo humo humo. Mungu angelielewa.

Mbele yake katika mstari alikuwa Tegar. Alipofika kwa Bu Tati, akainama, akasema maneno yake. Bu Tati hakumwachia mikono.

"Mas Tegar," alisema, na hakusema kwa kunong'ona. "Kile kitu cha ukutani, nimekusamehe. Nilikasirika sana, sikufichi. Hata kukuitikia salamu sikutaka, na mwezi mtukufu ule. Lakini leo nimemaliza. Vijana mnacheka, na mimi kweli ni mzito."

Shingo ya Tegar iliwiva. Watu waliokuwa karibu wakageuka kusikiliza. Angeweza kusema. Alikuwa na haki ya kusema. Aligeuza uso kidogo tu, akamwona Wening, kisha akainamisha kichwa zaidi.

"Ahsante, Bu," alisema, akasogea.

Ikawa zamu ya Wening. Bu Tati alimfungulia mikono huku uso umemchangamka.

"Na wewe tena? Wewe una la kuniomba nini, nduk? Bila wewe nisingejua hata kuiwasha ile karakana."

"Nisamehe, Bu, la nje na la ndani."

"Nimekusamehe. Na wewe unisamehe, nimekuchelewesha sana."

Basi. Ilikuwa imekwisha. Harufu ya kuku ilikuwa inamwita, nyuma yake mhasibu alikuwa anajikohoza ili mstari usogee, na msamaha alikuwa nao mkononi, mzima, wa mama mwenyewe. Lakini miguu ilikataa. Uso umeumbwa na haya, na haya ile ilikuwa imemfikisha pasipopitika.

"Bu. Si Mas Tegar."

"Si Mas Tegar nini?"

"Kobe. Niliandika mimi."

Bu Tati alimtazama akingoja, kama anayeingoja sentensi iliyobaki.

"Yote, Bu. Miwani, na kidole, na kuuliza. Mas Tegar hakuandika hata herufi moja. Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Bu."

Viganja vya yule mama vilikuwa bado ndani ya vyake. Wening alihisi vinalegea. Hakumsukuma wala hakulia. Alivitoa tu, akatoka kwenye mstari wa wakubwa, akavuka chumba kwa mwendo wake ule wa taratibu, akaipita meza ya chakula, mpaka pale Tegar alipokuwa ameshika sahani. Hapo, mbele ya ofisi nzima, mtu mzima mwenye mvi alikutanisha viganja akamwinamia kijana.

"Mas, nisamehe. Nimekusamehe mbele za watu kosa ambalo si lako."

"Bu, usifanye hivyo! Bu, tafadhali!" Tegar aliitupa sahani mezani, mchuzi ukaruka. Alijaribu kuinama chini kuliko yeye, na kwa kuwa Bu Tati hakuinuka, ikambidi apige magoti kwenye vigae ili asiwe juu ya kichwa cha mkubwa wake. Wote wawili walikuwa wanalia.

Wening alibaki mahali pake, mikono ameitanguliza mbele, mitupu. Aliyefuata katika mstari wa wakubwa alikuwa Pak Mulyadi, ambaye alikuwa amekwisha kunyoosha viganja vyake kumpokea. Alimtazama msichana, akavirudisha.